Kisu cha Pindoni

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniambia umeezeka bati jipya. Hongera.

Siku hizi nashona mavazi ya filamu ya utumwa. Jana niliambiwa nitie mfuko wa siri kwenye pindo la gauni la mjakazi, wa kuficha kisu. Niliweka mkasi chini. Bibi alitusimulia mimi na wewe tu jinsi nyanya yake, akiwa mtumwa, alivyokata mwenyewe kamba zake kwa kisu cha pindoni, na mimi sijamwambia mtu.

Nikamuuliza mwongozaji, "Kwa hiyo anajikomboa mwenyewe?"

"Hapana, fundi. Mtoto wa bwana anamwonea huruma, anachukua kile kisu, anamfungua."

Mjomba, habari za bati sikuulizi. Ila ulipowapa hawa watu wa filamu kile kisu cha Bibi, hukuwaambia nani alikishika?

Mpwa wako, bado niko cherehanini.