Samaki wa Mporoto Aliyefika Tura

Stesheni ya Tura,
Wilaya ya Tabora.
9 Agosti 1938

Mpendwa mdogo wangu Kornel,

Marahaba ya shikamoo uliyonitumia. U hali gani huko kwenye baridi ya Mporoto? Wifi yangu Katarina amepona kikohozi? Na Damas, ameanza kutembea? Sisi ni wazima wa mwili, na uwele wa mwaka huu umetosha.

Barua yako ya rambirambi ilifika Jumanne iliyopita. Nimeisoma mara nne, na kila mara nakwama palepale. Umeandika kwamba moyo wako unatulia ukikumbuka Baba alimla samaki wako kabla hajafa, ukauliza kama yale magamba madogo madogo yalimsumbua kooni.

Kornel, Baba hakumla.

Samaki alifika kwa garimoshi la kutoka Itigi siku tatu kabla ya msiba, amekaushwa vizuri kwa moshi na kufungwa katika kitambaa. Nilimgeuza huku na huku. Ngozi laini, madoadoa tele, gamba sikuona hata moja. Wajua mwiko wa ukoo wetu: samaki asiye na magamba haingii chunguni mwetu. Nikakasirika. Nikasema huyu mtoto, kuwalelea Wazungu samaki wao huko milimani kumemsahaulisha kwao. Nawe unanijua, nikishakata shauri sirudi nyuma. Nikampa jirani yetu Limbu, ambaye hana mwiko huo.

Baba sikumwambia. Sikutaka ajue kwamba mwanawe amemletea kitu cha mwiko. Na alikuwa akimngoja samaki huyo. Tangu ulipomwandikia kwamba samaki hao huishi katika vijito vya baridi ya kuuma mifupa, na kwamba hupanda mlima huku maji yakiwasukuma chini, alikuwa akicheka peke yake na kusema hao ni wapagazi wenzake. Aliyebeba pembe za ndovu hadi Pwani alitaka kumwonja mpagazi wa mlimani. Kila garimoshi lilipolia aliuliza kama mzigo umekuja. Nami nikajibu bado.

Siku ya mwisho nilimwambia labda umesahau. Nilisema tu ili aache kuuliza. Akanishika mkono, akasema, "Pelagia, usimseme mwenzio. Njia ya kutoka huko ni ndefu, mimi nimeipita kwa miguu. Kornel ametuma." Baada ya hapo hakusema tena neno la kueleweka.

Nilipopata barua yako nilikitafuta kile kitambaa. Kilikuwa hakijafuliwa. Nikakikung'uta juani, magamba yakaniangukia kiganjani, madogo kama pumba za uwele. Nililia, Kornel. Limbu alikwisha kuja kunishukuru, akasema hajapata kula samaki mtamu kiasi kile.

Nimeungama kwa padri, naye ameniondolea dhambi. Lakini padri siye aliyekuwa akingoja samaki.

Ukija kuondoa matanga usilete samaki mwingine, sitaweza kumpika. Njoo tu useme mwenyewe pale kaburini kwamba ulituma. Mimi nitasimama nyuma yako, niseme kwamba alifika.

Msalimie sana Katarina, umbebe Damas kwa niaba yangu. Shangazi Apolinaria anawasalimu nyote. Mungu ailinde miguu yako katika maji hayo ya baridi.

Dada yako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Pelagia