Nzi Aliyevaa Kama Nyigu

Kalenga, Iringa

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu huko Mbeya. Sisi ni wazima, na mahindi yamebeba vizuri.

Umeuliza kwa nini ninamkataza baba yako kukata mkuyu uliooza. Nilipoolewa hapa, mimi na wifi yangu tuliuendea na moto ili tuwachome nyigu wake. Mmoja akatua mkononi mwangu. Nikangoja mwiba, akalamba jasho tu. Nikaona ana mabawa mawili, ilhali nyigu ana manne.

“Kumbe nzi,” wifi akacheka, “na tunamwogopa!”

Tukauzima moto. Watoto wa nzi huyo hukulia katika maji ya shimo la mti ule, na miti mikongwe mingine imekwisha.

Juzi nzi mmoja wa aina hiyo alitua begani kwa baba yako. Baba yako, akidhani ni nyigu, alikimbilia jikoni, na shoka bado limelala chini ya mkuyu.

Bibi yako