Simu Imesema Tayari, Gari Halijaja

Shangazi Jaha, shikamoo. Mimi ni kijana wa Makole, hapa hapa Dodoma mjini, kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na nakuandikia kwa sababu sili vizuri, silali vizuri, na mtu pekee ambaye ningemweleza ni mchumba wangu Emilia, na yeye ndiye hasa sitaki ajue.

Shangazi, baba yake Emilia, Mzee Nikodemo, analima zabibu Makutupora, na siku hizi wanunuzi binafsi ni wengi, kila mmoja na gari lake na siku yake, basi kikundi chao cha wakulima kikaniomba programu ya kuonyesha gari gani linakuja lini, maana zabibu ikishakatwa haimsubiri mtu, nikaitengeneza, katibu wao Lea anaingiza ratiba na wakulima wanaiona kwenye simu zao, ila mtandao wa kule shambani ni wa kuomba Mungu, kwa hiyo mtu akifungua programu, ratiba mpya inavutwa taratibu kwa nyuma huku yeye anaangalia kioo cheupe kisichosema kitu, wazee wakawa wanazima simu, wanazipiga makofi, wengine wanachomoa betri, mpaka Mzee Nikodemo akaniuliza mbele za watu, "Baba, hiki kitu chako kimekufa au kimenidharau?"

Niliona aibu, Shangazi, baba mkwe mtarajiwa huyo, nikaweka mstari wa kijani unaojaa polepole na ukijaa unaandika "Tayari, karibu", mzee akafurahi mno, akasema kijana huyu ana adabu, hata simu yake inaitika. Tatizo ni kwamba mstari ule unajaa wenyewe tu, hauulizi kama ratiba imefika, na kama haijafika unafungua ile ya zamani iliyobaki ndani ya simu, nilijua, lakini nikasema mtandao utakuwa unawahi. Wiki iliyopita mnunuzi akaahirisha safari, Lea akabadilisha ratiba jioni ileile, asubuhi mzee akafungua simu, mstari ukajaa, Tayari, gari leo, akaita vibarua wakakata shamba zima, makreti yakakaa juani mpaka nyuki wakahamia. Mchana ratiba mpya ikaingia, mzee akaona maandishi yamegeuka, sasa anasema Lea ndiye aliyeharibu kisha akabadilisha ili ajifiche, na Jumapili hii baada ya ibada kikundi kinakaa kumwondoa ukatibu na kumwita tapeli. Lea analia, anaapa, hakuna anayemsikiliza kwa kuwa simu ilisema tayari, na mimi nilikuwepo, nikaulizwa kama programu inaweza kukosea, nikajibu, "Iko vizuri, mzee."

Nikisema ukweli nampoteza Emilia, nikinyamaza nafsi inanisuta, kwa hiyo nimefikiria niirekebishe kimyakimya halafu nimnunulie Lea zawadi nzuri. Unaonaje? Naomba jina langu lisitajwe.

S., Makole

*

Marahaba, mwanangu S. Pole sana kwa kukosa usingizi. Lea naye bila shaka anakoroma.

Umeniomba nifiche jina lako, nimelificha. Ya Lea, Emilia na baba yake umeyaandika yote, tena kwa mwandiko mzuri, imebidi niyabadilishe mimi. Nimeona hapo hapo ni nani unayemhurumia.

Na hiyo zawadi itakuwa nini? Kanga? Mwanamke aitwe tapeli mbele ya kijiji kizima, kisha ajifunge kanga ya fundi aliyemwacha aitwe hivyo! Mwanangu, hata dukani utaona aibu kuichagua.

Kosa lako silishangai, ni la mji mzima. Unampigia mtu anakwambia, "Nipo njiani, nakaribia kabisa," na nyuma yake unasikia kata inagonga ndoo, yuko bafuni. Tunaliita heshima, eti tusimvunje moyo anayesubiri. Wewe hukutosheka kulisema mwenyewe, ukaifundisha na simu. Hongera, fundi.

Mzee hakukuomba muujiza. Mgeni akipiga hodi nawe uko jikoni mikono imejaa unga, unaitika, "Karibu, nakuja!" Anatulia, anasubiri. Humwambii chakula kiko mezani wakati hata moto hujawasha. Kile kioo cheupe kilikuwa kukaa kimya mgeni yuko mlangoni, na mzee alikuwa na haki ya kununa. Ulichokuja kuweka ni kibaya zaidi, na kimemharibia mavuno ya msimu.

Sasa nisikilize. Usirekebishe kitu kabla ya Jumapili. Ukirekebisha leo, Lea atajitetea kwa lipi? Jumamosi anzia kwa Lea, umwombe radhi. Kisha muwe pamoja mbele ya Mzee Nikodemo, chukua simu yake, zima mtandao kabisa, fungua programu, umwache auone mstari ukijaa na kuandika "Tayari" bila chochote kuingia. Hutahitaji hotuba. Jumapili urudie mbele ya kikundi, na useme kwa mdomo wako kwamba Lea hakukosea.

Ukishamaliza hayo ndipo urudi kwenye kompyuta yako. Mstari usogee pale tu taarifa zinapoingia. Zikikwama, nao usimame, uandike kwamba mtandao umekatika. Ratiba ya zamani waachie waione, lakini juu yake pawe na herufi kubwa: hii ni ya jana, mpya bado haijafika. Mkulima akisoma hivyo hakati hata kichala kimoja. Atampigia Lea.

Emilia mwambie mwenyewe, kabla ya baba yake. Huenda akakuacha, sikufichi. Huenda mzee akakufukuza na viatu vyako mkononi, na hapo pia sitamlaumu. Lakini binti anayekupenda kwa sababu hajui ulichomfanyia Lea, huyo bado hujampata.

Basi, Jumamosi asubuhi panda gari uende Makutupora. Na usimpigie mzee kumwambia upo njiani. Fika.