Nilivyoupa Mlango Mgongo

Mwanza, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Shangazi ninayelala naye chumba kimoja. Tangu muhula huu uanze, kila ninapokula nje na wenzangu nachagua kiti kinachoupa mlango mgongo. Nimelitanguliza kwa sababu nikianza na salamu nitakosa ujasiri.

Sasa shikamoo, Mama. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na Baba, kidole alichojikata kwa uzi wa wavu kimepona? Mimi ni mzima wa mwili. Kwenye simu nasema "huku salama" na kunyamaza, maana Shangazi anaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza. Ndiyo maana naandika.

Marafiki zangu ni wawili. Rukia, ambaye babu yake ana duka la vitambaa hapa Mirongo, na Doto, ninayekaa naye dawati moja, asiyeweza kunyamaza hata kwenye mtihani. Kila Jumamosi tukitoka masomo ya ziada tunaingia mahali ambapo hatujawahi kula. Ni wazo la Rukia. Mimi nimepewa daftari la kuandika alama, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Supu imepata sita, chapati nane, na sambusa moja ilipata mbili kwa sababu Doto alikuta ndani yake viazi vitupu. Daftari hilo nalitunza kuliko la Fizikia, unisamehe.

Kosa langu lilianza Jumamosi ya kwanza. Tulikuwa kwenye mgahawa wa mama mmoja karibu na mto, tumewekewa ugali na sato mmoja mkubwa wa kuchemsha. Mzee mmoja akaingia, akasimama akitafuta pa kukaa. Nikamwambia, "Karibu, baba." Akajibu, "Asante, mwanangu." Kwetu asante ya kwanza ni ya adabu tu, na anayemkaribisha mtu mara moja amemkaribisha kwa mdomo tu. Kwa hiyo nikamwita tena, nikajisogeza kwenye benchi, nikapigapiga pale pa kukaa. Mzee akaniangalia kidogo. Kisha akanawa, akaketi, akaanza na kichwa cha samaki.

Doto akaninong'oneza, "Baba yako huyo?"

"Hapana."

"Babu?"

"Simjui. Nimemkaribisha tu."

Rukia alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Mzee alipomaliza alisema, "Mmelelewa vizuri, wanangu." Doto akajibu, "Kalelewa huyu peke yake, mzee. Sisi tuna njaa."

Tangu siku hiyo mimi ni Mama Karibu. Hata mwalimu akiingia darasani, Doto husema chinichini, "Mkaribishe, bado kasimama." Hana ubaya, Mama, naye hunigawia kalamu zake zote. Lakini nikaanza kukaa nikiangalia ukuta. Nisiyemwona silazimiki kumwita. Najua ungeniambia kwamba hivyo ndivyo anavyokula mchoyo.

Sasa nieleze ya jana.

Jana tulikuwa kwa mwoka mikate mmoja, kwenye kichochoro nyuma ya maduka. Skonzi zake zinatoka kwenye tanuri la kuni, na ukiipasua moja mvuke unakupiga usoni. Nilikaa nikitazama kabati la vioo la keki. Doto alikuwa akimsimulia muuzaji habari ya sato, anaigiza nilivyopigapiga benchi. Ndipo nikasikia mlangoni, "Hodi. Samahani, namtafuta binti mmoja wa shule, anaitwa Nyanjura, anakaa na shangazi yake mitaa hii." Shuleni mimi ni Felista, jina la nyumbani wenzangu hawalijui, kwa hiyo hawakushtuka. Kwenye kioo cha kabati niliona kofia ya kaka yako, Mjomba Magesa, na mkononi mwake ndoo yako ya njano yenye mfuniko uliopasuka.

Mama, sikugeuka. Nilijua nikigeuka nitasema karibu, naye atasema asante, nami itabidi nimwite tena mbele ya Doto. Ni hilo tu, sina sababu nyingine kubwa ninayoweza kukuandikia. Muuzaji akamjibu, "Mabinti wa shule hapa wanapita wengi, mzee." Mjomba akasimama kidogo, akashukuru, akaondoka. Skonzi ilikuwa mdomoni na sikuitafuna mpaka kandambili zake ziliposikika mbali.

Nilipofika nyumbani nilikuta ndoo ya dagaa wako kwa jirani. Alisema mzee huyo alitoka kwao alfajiri na mashine ya mtumbwi anayoileta kwa fundi, akakataa hata chai kwa kuwa mwenyeji wake hayupo, akanywa maji tu. Akasema pia kwamba ulimwagiza ndoo nikabidhiwe mimi mkononi, na kwamba atapita tena Jumatatu jioni kabla ya kurudi.

Tangu hapo situlii. Kanisani sikusikia mahubiri. Nimetoka na kitabu nikaenda kukaa kwenye mawe ya ziwani. Kivuko cha Kamanga kimekwenda na kurudi, mimi bado niko ukurasa uleule. Nawaza, aliniona au hakuniona? Kioo kilichonionyesha yeye, kwa nini kisimwonyeshe mimi? Yeye ndiye aliyemwambia Baba, "Mpeleke mjini, huyu hatabadilika." Kesho jioni atapita kuchukua barua hii, na keshokutwa atakuwa jikoni kwako ukimuuliza kama alinikabidhi mwenyewe. Sitaki aseme uongo kwa ajili yangu. Wala sitaki ulisikie kwake kabla ya kulisikia kwangu.

Nisalimie Baba. Nisalimie kaka anayeshinda na nyavu, na mdogo wangu wa mwisho, asiache kusoma kile kitabu nilichomwachia. Msalimie na jirani anayetupa maziwa.

Mimi binti yako,
Nyanjura

Jumatatu jioni

Mama, nilikuwa nimeshaifunga barua. Nimeifungua niongeze ukurasa.

Leo mapumzikoni niliwaambia Rukia na Doto yote. Doto alinyamaza, mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akasema, "Yule mzee wa ndoo? Si ungesema tu. Ningempa kiti changu." Hakucheka. Rukia akauliza, "Anaondoka lini?"

Mjomba alipokuja nilimwamkia, nikamwomba tutoke kidogo. Nikabeba ndoo. Alitangulia yeye, akakata kichochoro mpaka kwa mwoka mikate bila kuniuliza njia. Wenzangu walikuwa wameshafika kama tulivyopanga, wakamwamkia. Mjomba akasimama mbele ya kabati, akaiweka sawa kofia yake kwenye kioo.

"Kinaonyesha vizuri," akasema.

"Mjomba, Jumamosi nilikuona."

"Najua. Mlikuwa mnakula nini?"

"Skonzi."

Nikaketi nikiangalia mlango. Nikasema, "Karibu, Mjomba."

"Asante, mwanangu. Nimeshiba."

Duka lilikuwa limejaa, na watu waligeuka kututazama. Nikamwita tena, safari hii kwa Kijita chetu, nikasogea, nikapigapiga benchi. Doto naye akasogea upande wake. Mjomba akaenda kunawa.

Amekula skonzi tatu na sasa anakunywa chai, Doto anamuuliza kama ni kweli nilikuwa mwoga wa bata nilipokuwa mdogo. Amejibu. Naandika haya hapahapa mezani. Ndoo yako nimeiosha, na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu nimeijaza skonzi zikiwa bado za moto, mfuniko nimeufunga kwa kamba. Nimemkabidhi Mjomba mkononi.