Anayelala na Ineza Aje wa Kwanza

Baba Ineza, wamekubali! Mtoto wako amebandikwa kipima sukari mkononi, na hatulipi kitu, inalipa serikali! Na aliyesema mpaka wakubwa wakasikia ni mke wako, usimwulize mwingine.

Haya, sasa nipumue nisalimie kama mtu aliyelelewa. Hamjambo hapo Muyinga? Magoti ya mama yako yanaendeleaje? Yule mbuzi amezaa? Sisi huku Gitega tuko wazima. Bado tunakaa kwa Mama Zuhura, mke wa fundi cherehani, na bado naosha sahani pale mgahawani, ili tuwe karibu na hospitali. Naandika Kiswahili chetu cha kambi ya wakimbizi kule Tanzania, maana ndicho nilichofundishwa kuandika. Msomee Mama barua yote, usiruke hata pale atakaponuna.

Kidude chenyewe ni kidogo kama kizibo cha soda. Kinakaa nyuma ya mkono, chini ya bega, na kina kisindano chembamba kama unywele. Kuna kimashine kingine mfano wa simu, hicho ndicho kinaonyesha namba. Sukari ikishuka, kinalia. Kutoboa vidole sasa ni mara mojamoja tu, pale namba inapotia shaka. Ineza alizisoma namba zile kwa Kifaransa mbele ya daktari, mimi nikajidai kumsaidia, akasema, "Mama, ngoja, umekishika juu chini." Daktari alicheka sana. Mtoto huyo ana akili, na hakuitoa kwenu.

Lakini furaha hii ina kaburi ndani yake, na lazima nikueleze.

Nilikuwa nakaa kwenye benchi la hospitali na mama mmoja wa Mutaho, Mama Déo. Mwanawe alikuwa na sukari kama ya Ineza, ile ya watoto, isiyosikia vidonge, inayotaka sindano za insulini maisha yote. Wakati wa mvua Déo alichomwa sindano yake, akala kidogo, akalala. Sukari ikashuka akiwa usingizini. Mama yake alilala ubavuni pake na hakujua, maana sukari ikishuka haigongi mlango. Asubuhi alimwita aende kuchota maji. Akamwita tena.

Siku ya kuganduka, kuondoa matanga, nilikwenda Mutaho na Ineza. Unajua inavyokuwa: kabla watu hawajanywa, msemaji wa ukoo anauliza kama kuna anayemdai marehemu, au kama marehemu anamdai mtu. Kwa mtoto swali hilo huwa halina kazi. Mzee yule aliliuliza kwa mazoea tu, akakumbuka marehemu ni nani, akataka kukaa. Mimi nikasimama.

"Mimi ninalo."

Bwana mmoja akanitazama kuanzia kwenye viatu. "Wewe mama ni wa ukoo gani?"

"Wa ukoo wa benchi la hospitali."

Wengine wakacheka. Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema: "Déo anadai. Anadai kile kipimo kinacholia sukari ikishuka. Tumeambiwa kipo, nchi nyingine watoto wanacho. Yeye amekwenda bila kukipata. Basi wapewe hawa waliobaki." Nikamvuta Ineza mbele, nikawaonyesha vidole vyake, ncha zote ngumu kama za fundi viatu.

Hakuna aliyecheka tena. Na hakuna aliyegusa kinywaji, kwa sababu dai likitajwa pale haliachwi hewani, lazima mtu wa ukoo ajibu kwanza. Mama Déo akageuza macho kwa shemeji yake, mwenye koti, anayefanya kazi wizarani hapa Gitega. Watu wote wakayafuata macho yake. Yule bwana alilivuta koti lake likae sawa, akalivuta tena, mpaka nikamwonea huruma. Kisha akainuka.

"Nimelisikia. Kulilipa siwezi peke yangu. Nitalipeleka kwa wanaoweza."

Ndipo tukanywa.

Hatukumwacha asahau dai lile. Sisi akina mama wa benchi tukapeana zamu ya kumwamkia kazini. Anatoka, ananikuta getini. "Mama Ineza, umekuja tena?" "Nimepita kukusalimia tu, baba. Nyumbani hawajambo?" Mama Zuhura alikuwa akinitania: "Wewe utamwua yule kwa salamu!" Mvua ikaisha, ikarudi nyingine, na sisi tunasalimia tu. Mwishowe tukaitwa. Vipimo vimefika, si vya kuwatosha watoto wote, vimeanza kwa wachache, na Ineza yumo.

Siku ya kumbandika Ineza, Mama Déo alikuja. Alimshika Ineza mkono usitikisike. Kisha akamwomba muuguzi akilize, asikie kinavyolia. Muuguzi akakiliza. Mama Déo akasikiliza mpaka kikanyamaza, akasema, "Ningekisikia." Akatoka.

Sasa sikiliza sharti, Baba Ineza. Kwanza ni majaribio. Hatuwezi kukileta nyumbani mpaka watu wa nyumba waje kufundishwa. Wasipokuja kitabanduliwa, apewe mtoto mwingine anayengoja, nao wapo. Muuguzi aliniuliza, "Kule kwenu huyu analala na nani?" Nikamwambia, na bibi yake. Akasema, "Basi huyo bibi ndiye ninayemtaka wa kwanza."

Hapa msomee Mama polepole. Mama, shikamoo. Najua unasema sindano zinamkausha mtoto, afunge tu na tumwombee. Maombi sikatazi, mimi mwenyewe naomba. Lakini Ineza asifunge, Mama, wala asiruke sindano. Wewe ndiye unayemkumbatia akilala. Kule kambini ulikuwa unasikia mtoto wa hema la pili akikohoa, sisi tumelala kama magogo. Masikio hayo ndiyo wanayoyatafuta huku. Kikilia, unamwamsha, unampa maji ya sukari, unaniita. Njoo ufundishwe wewe, maana mimi nikifundishwa peke yangu nitakuwa nasikilizia chumba cha pili.

Na wewe, baba watoto, usiniambie kahawa. Kahawa itavunwa na shemeji. Mdogo wake Ineza mje naye, naye ajifunze. Mama Zuhura ametandika chumba na anasema hataki kusikia mnalala kwingine.

Msalimie shemeji yangu huyo wa kahawa, na mchungaji wetu, na wifi aliyejifungua, na jirani anayetuchungia mbuzi. Dada yangu mwambie sijamsahau, nimevimba kichwa kidogo tu. Ineza anamsalimia bibi yake, anasema amwekee nafasi yake upande wa ukutani.

Ni mimi mke wako, Mama Ineza, anayejulikana hadi wizarani.

Mlango wa hospitali, saa mbili asubuhi, nyote, Mama akiwa mbele: Jumatano, ile inayotangulia Pasaka.