Amebadilika, Lakini Sehemu Hiyo Sikuonyeshwa

Kamina, Jumamosi, alasiri. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamejaa upande wa reli lakini hayaangushi kitu. Nimejifungia katika chumba changu cha usichana, kwa mama, simu ina chaji nusu na kichwa kinagonga. Huko nyuma, karibu na jiko, mbuzi analia.

Mbuzi huyo ndiye shida yangu. Ameletwa asubuhi na watu wa mume wangu, kuomba nirudi. Kesho baada ya ibada watakuja kusikia jibu. Mama akikubali achinjwe, watu wa pande zote mbili wakamla, basi mimi nimesharudi, hakuna neno tena.

Naogopa.

Ilunga, mume wangu, amenipiga mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mvua za mwisho za Aprili, zilipowanyeshea samaki wake wakavu wa kuuza, aliowaleta kutoka kwao Bukama. Walikuwa wameanikwa uani, nami nilikuwa shuleni nafundisha. Kumbe nilitakiwa kuisikia mvua nikiwa darasani na kukimbia kuwaanua. Nilikuja kwa mama na begi moja, na kiangazi chote nimekaa hapa.

Wanaosoma blogu hii wamezoea nikichambua tamthilia, si ndoa yangu. Wanivumilie, maana leo vyote viwili vimenichanganyikia.

Nilitaka kuandika juu ya tamthilia mpya ya wafalme na wachawi, ile inayosimulia mambo yaliyotokea kabla ya ile ya kwanza. Ya kwanza niliitazama na Ilunga mwaka ule tulipooana, simu moja tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Ndani yake kulikuwa na jemadari mmoja mkatili, mpiga watumishi. Hakubadilika upesi. Aliapa, akaanguka, akaona aibu, akaapa tena, nasi tulikuwa tukimtukana kila jioni. Halafu siku moja mtumishi akammwagia mchuzi wa moto. Mkono ukapanda. Ukabaki juu. Kisha ukashuka na kuokota bakuli. Ilunga alipiga makofi, mimi nililia.

Hii mpya inamhusu babu yake jemadari. Mwishoni mwa sehemu ya nne, babu anachoma kijiji. Sehemu ya tano inaanza na maandishi: miaka sita baadaye. Ana ndevu, sauti imeshuka, analisha njiwa. Watu wote wa ngome wanaambiana kwamba amekuwa mwema. Alianzia wapi huo wema, nani alimkasirisha akajizuia? Hatuambiwi. Mavazi mazuri, majumba mazuri kuliko ya kwanza, fedha imemwagwa, lakini mtu mwenyewe amebadilishwa wakati sisi hatupo.

Ndevu si toba.

Sentensi hiyo nilikuwa naipenda sana, nikaona itafaa kufungia makala. Leo asubuhi Ilunga akaingia uani. Ana ndevu. Nusura nicheke.

Kikao kilikwenda kama vinavyokwenda vikao hivi. Kwetu wenye ugomvi hawasemi, wanasemewa. Ilunga alikaa nje ya mlango, mgongo kwa sebule, kwa sababu mama alikuwa ndani. Ni bukwe: kwetu mkwe na mama wa mkewe hawatazamani, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anakata kona. Baba mdogo wa Ilunga ndiye aliyesema. Anajua kusema, yule mzee.

"Mama, mutoto yetu anabadirika. Sasa iko muntu ingine kabisa. Bantu yote ya Bukama banaona."

Watu wote wa ngome.

Walipokuwa wanaondoka, Ilunga alinisubiri penye uzio. Sauti yake imeshuka kweli. "Ginette, miye si ule muntu tena."

Nikamuuliza, "Ulibadirika siku gani? Juu ya nini?"

Akafikiri. Naamini alifikiri kwa unyofu. "Ni ile wakati weye haukukuwa pale."

Hakujua amenijibu nini. Na mimi, mjinga, nilitaka kumshika mkono hapo hapo. Nampenda. Hilo ndilo linalonimaliza. Angekuwa mbaya mtupu ningelala usingizi. Na kama ni kweli? Kama amebadilika na mimi namfungia mlango kwa ajili ya babu wa kwenye simu anayelisha njiwa?

Mama hana maswali hayo. Ni mjane, ni mwimbaji wa kanisani, na amechoka kuulizwa na wenzake kama binti yake ni mgonjwa hata asirudi kwa mumewe. Alikuja chumbani amejifunga kitenge cha kupikia.

"Weye unatafuta nini tena? Bantu banakuya na mbuzi, banapika magoti, na weye bado unanuna? Subira huvuta heri."

Huvuta heri, sawa. Sijasikia popote kwamba inazuia kofi. Lakini hayo mama haambiwi. Alipotoka ndipo nikatambua kitu ambacho miaka yote sikukifikiri. Mama hajawahi kumtazama Ilunga usoni. Alipokea mahari yake, anapokea samaki wake kila mwezi, leo amepokea toba yake, na uso wake haujui. Nilipomwambia kwamba macho ya Ilunga hubadilika kwanza, kabla ya mkono, alikuwa anaambiwa habari za mtu asiyemjua.

Hata mimi leo nimeona nini? Mtu anayeomba, amezungukwa na wazee wake. Hapo kila mtu ni mpole. Nataka kumwona akinyimwa kitu.

Kwa hiyo nimekata shauri. Kesho nitasema mwenyewe, wanisamehe wazee. Nitasema sirudi sasa. Na kabla hawajafika nitamwomba mama jambo ambalo binti hamwombi mama yake: atoke mlangoni, aivunje bukwe mara moja tu, amtazame Ilunga usoni wakati ninapomnyima jibu analolitaka.

Akishamtazama, aamue yeye kama mbuzi achinjwe.