Mama Asiamshwe Mara Mbili

Lizaboni,
Songea.
9 Septemba 2025

Kaka yangu mpendwa Joachim,

Shikamoo kaka. Mguu unaendeleaje? Wifi aliniambia kidonda kimeanza kukauka, akaniambia pia kwamba umerudia kutia sukari kwenye uji akigeuka. Acha hiyo tabia, wewe si mtoto. Mpe wifi salamu zangu, na majirani zako wale wanaouza korosho, ambao bado nakumbuka ukarimu wao. Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu ilitutesa mpaka mwezi wa nane, sasa jua limerudi na wateja wangu wameacha kulilia supu.

Najua utashangaa kupata karatasi siku hizi za simu. Ila kwenye simu wewe hunisikilizi. Nikianza tu kueleza unaniuliza kwa hiyo nini, kwa hiyo nini, mpaka salio linakatika na sijafika popote. Barua huwezi kuikatiza. Nampa Muhsini, dereva wa Tunduru anayekula kwangu akipita na lori la makaa ya mawe kwenda bandarini hapo Mtwara. Atakukabidhi mkononi. Mpe chai, asiondoke kavu.

Leonce alikupigia akakwambia kwamba shangazi yake amekataa kaburi la bibi lihamishwe, na kwamba kwa sababu yangu kampuni haitafungua shimo jipya kule kilimani na mkataba wake utaishia hapo. Mwanao hakusema uongo. Ila siku ile alikuwa juu ya kijiko chake, ile mashine ya kuchimbia, mbali na sisi, aliona watu wanatawanyika akajaza mwenyewe yaliyobaki. Ngoja nikueleze mimi niliyekuwa nimepiga magoti.

Unajua desturi ya kwetu, aliyemfumba marehemu macho ndiye anayemwamsha siku ya kumhamisha. Wewe ni mkubwa, lakini ulikuwa Mtwara, na mimi ndiye niliyekuwa kitandani kwa mama. Basi mwezi wa sita Baba Mdogo Kajetani akatuita kijijini. Kaya zote zilikuwa zimeshahama, kaburi la mama limebaki peke yake pale juu, na chini yake mashine zinanguruma. Padre akasali. Bwana afya alikuwepo na glavu zake, jeneza jipya lilikuwepo, na akina mama walishapika pombe ya komoni. Nikamwambia mama kwamba ni mimi Kunegunda. Nikamtajia waliokuja. Nikamwambia anapelekwa makaburi mapya yaliyo karibu na shule. Likabaki lile neno la mwisho ambalo lisiposemwa hakuna anayeshika jembe, kwamba hutaamshwa tena.

Kaka, halikutoka. Baba Mdogo alisubiri, akakohoa, watu wakaanza kutazama viatu vyao. Akainama akaninong'oneza kama nimesahau. Nikamjibu sijasahau, ila nikilisema nitakuwa nimemdanganya mama.

Sababu yake ni huu udadisi wangu ambao mama mwenyewe aliniambia utanitia matatani. Asubuhi ile, tukiwa tunasubiri padre, nilikuwa napiga soga na Saimon, kijana wa kampuni anayeshughulika na wanakijiji. Mtoto mwenye adabu, hajui kusema uongo, sijui kazi ile ataiweza vipi. Nikamuuliza, hivi hivi tu, kama chini ya makaburi mapya nako kuna makaa. Akasema tabaka la makaa linapita pale pia, lakini kwa sasa halimo kwenye mpango. Nikamuuliza litaingia lini. Akasema hiyo inategemea dunia itaendelea kununua makaa kwa muda gani.

Sasa wewe niambie, ningelisemaje? Nikaomba radhi, watu wakarudi nyumbani. Komoni ilinyweka hata hivyo, na Baba Mdogo alikunywa kuliko wote kwa hasira.

Alinipa muda mpaka kabla ya mvua. Alisema hawezi kunilazimisha, kwa sababu neno hilo lisiposemwa na mtu anayeliamini ni bure, mahoka, wazee wetu waliotangulia, si watoto wa kudanganywa. Basi nikarudi mjini na swali moja kichwani. Dunia ikitaka makaa miaka arobaini, watalifikia lile eneo la shule na mama ataamshwa mara ya pili. Ikiacha kesho kutwa, basi huenda hata kilima chenyewe hawatakimaliza, tutakuwa tumemsumbua bure. Nikaanza kuuliza kila aliyekaa kwenye benchi langu.

Nilianza na Muhsini. Alinicheka, akasema yeye anabeba tu, ya huko mbele anajua Mwenyezi Mungu. Lakini nilipomwongezea maharage akafunguka. Akasema zamani mzigo wake mwingi ulikuwa wa viwanda vya saruji vya humu humu nchini. Vita ilipoanza kule Ulaya, meli zikaja mpaka malori yakawa yanalala foleni, na wale wale waliokuwa wakisema makaa ni machafu ndio waliokuwa wakiyagombania. Baadaye ikapoa. Safari nyingine anapakia mfululizo, safari nyingine anakaa wiki nzima nyumbani anakula korosho za mke wake. Akasema biashara hii haina tofauti na mvua za siku hizi.

Jibu hilo halikunitosha. Nikamsubiri Mwalimu George, yule anayefundisha jiografia Maposeni, huwa anakuja mjini mwisho wa wiki. Yeye ukimuuliza jambo anatoa simu na kuchora vidole hewani mpaka chai inapoa. Alinieleza kwamba katika umeme wote wa dunia, kama theluthi hivi bado unatokana na makaa. Nilidhani anatania. Miaka yote hii ya kusikia habari za jua na upepo, kumbe theluthi! Halafu akaniambia Waingereza, ambao ndio walioanzisha mambo ya kuchoma makaa kupata umeme, walizima mtambo wao wa mwisho mwaka jana. Wachina nao wanajenga mitambo ya makaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wanatandaza paneli za jua kuliko nchi yoyote. Nikamuuliza sasa wanataka lipi. Akasema wanataka vyote.

Nikambana aniambie mwisho ni lini. Akasema wataalamu wengi wanaona makaa yamefika kileleni au yamekaribia, kisha yatashuka polepole, jua na upepo vikichukua nafasi. Nikaanza kufurahi. Akaongeza kwamba walishawahi kusema hivyo na makaa yakapanda tena. Nikamwambia mwalimu, mimi nina mama yangu kilimani, nataka mwaka. Akasema inategemea. Nadhani ndilo neno wanalofundishwa chuoni siku ya kwanza.

Jambo jingine alilonichekesha nalo ni hili. Nilimuuliza taa yangu hapa kibandani inawaka kwa lori gani. Akasema hakuna lori. Tangu Songea tuunganishwe na gridi, umeme wetu ni wa maji na gesi ya huko kwenu kusini. Yale makaa yanapita mbele ya mlango wangu kutwa nzima, yananijazia vumbi kwenye mboga, yanakwenda kuwashia taa watu nisiowajua. Sikukasirika. Nilibaki tu nawaza wakoje hao watu, kama nao wana mama zao mahali, kama wanajua wakibonyeza swichi kuna kilima kinapungua huku.

Nilifika mpaka Peramiho. Nilikuwa nakwenda kupimwa presha hospitali, nikamkuta bruda mmoja mzee wa misheni, fundi wa umeme, amekaa benchi la wagonjwa. Maisha yake yote amehangaika na mitambo ya maji. Nikamwambia, kama maji na jua vipo, makaa ya nini. Akasema maji yana kiangazi chake na jua lina usiku wake, na mtu wa hospitali hawezi kumwambia mgonjwa asubiri mvua. Mpaka watu wapate namna rahisi ya kuutunza umeme wa mchana utumike usiku, hawatathubutu kuyaacha makaa kabisa. Akaniuliza kwangu napikia nini. Nikamwambia gesi. Akaniuliza kama mafiga niliyatupa. Nikamwambia hapana, yapo uani, gesi huisha siku ya wageni. Akacheka, akasema basi dunia nayo iko hivyo, imenunua jiko la gesi lakini mafiga haijatupa. Siku moja itayatupa, hilo analiamini, ila yeye hatakuwepo, na huenda mimi pia.

Nikarudi nyumbani, kaka, nikiwa najua mengi na jibu sina. Watu wanajua yatapungua, ila ni lini na kwa nani hakuna anayejua. Sijawahi kufurahia kuuliza kama nilivyofurahia miezi hii, na sijawahi kuchoka hivi.

Kisha Leonce akaja. Alikuja na hasira, nikamwekea ugali kwanza, maana hasira za ukoo wetu hazisikii mpaka tumbo lijae. Nikamweleza yote, habari za Waingereza na Wachina na mafiga. Nikamshauri ajifunze na kuchomelea vyuma, asiweke maisha yake yote kwenye kitu ambacho dunia inakitafutia mlango wa kukitolea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, shangazi, hata ikiwa ni miaka kumi tu, miaka kumi ni mwanangu kuingia darasa la kwanza mpaka sekondari. Akasema yeye hamwombei bibi mabaya, ila bibi ameshalala na mtoto wake bado anakula. Kisha akanawa, akashukuru kwa chakula, akaondoka.

Maneno yale yaliniuma kwa sababu ni kweli. Nililia peke yangu jikoni, wateja wakafikiri ni vitunguu.

Sasa, kaka, kaa vizuri, uweke mguu juu ya kigoda. Mama yuko Songea.

Nilimhamisha Jumamosi iliyopita. Sikukwambia kwa sababu ungesema nisubiri mguu wako upone, na mvua isingesubiri, wala Leonce asingesubiri. Kama nimekukosea kwa hilo, nisamehe.

Ile nafasi iliyo pembeni ya marehemu mume wangu Hironimus, pale makaburi ya parokia, nilishaizungushia tofali tangu mwaka aliofariki. Ilikuwa yangu. Saimon alinihakikishia, na Mwalimu George akanihakikishia, kwamba chini ya pale hakuna jiwe hata moja la kuuzika. Nikasema basi, mama akalale pale.

Baba Mdogo aliruka kama aliyekanyaga siafu. Mama mkwe alale ubavuni mwa mkwe wake! Unakumbuka Hironimus alivyokuwa akimwona mama njiani anaingia porini na baiskeli yake mpaka apite. Hawakuwahi kula sahani moja wala kupeana mikono, leo niwalaze kama mke na mume? Tulibishana siku nzima. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Tuliwajengea ukuta wa tofali za kuchoma chini kwa chini, kutoka kichwani mpaka miguuni, na Baba Mdogo akashuka shimoni na kamba ya fundi kuhakikisha hakuna tundu. Akapanda juu ameridhika, akasema sasa wanaheshimiana.

Pale kilimani nilimwambia mama kila kitu. Nilimwambia dunia bado inapikia taa zake juu ya mawe ya kilima chake, na kwamba nimeuliza sana ni mpaka lini na sikupata anayejua. Nilimwambia mjukuu wake ndiye atakayelima pale kwa kijiko, asimwekee kinyongo, ana mtoto. Kisha nikamwambia anakokwenda, na neno la mwisho likatoka lenyewe, kwa sauti, mpaka Padre akageuka. Leonce alishuka kwenye mashine yake akabeba jeneza upande wa mbele, na hakumpa mtu zamu mpaka kwenye gari.

Kwa hiyo shimo litafunguliwa na mkataba wa mwanao umeongezwa. Usimlaumu yeye kwa lolote.

Kwangu mimi, makaburi ya parokia hayana tena nafasi upande ule. Katekista amenionyesha safu mpya kule chini, karibu na uzio. Sio pabaya, kuna kivuli. Ila Hironimus nilimwahidi siku anakata roho kwamba nitamfuata pale pale alipo, na alifumba macho akijua hivyo. Mama nimemweleza kila kitu, kaka. Hironimus bado. Jumapili nilikwenda kumwagilia maua ya mama, nikapita upande wa Hironimus nimeangalia chini, kama mtu anayekwepa kusalimia.

Msalimie wifi, na umwambie amfiche sukari mzee wake. Huku Baba Mdogo anakusalimu, Leonce anakusalimu, na Mwalimu George anauliza kama bandarini unaona meli zikiongezeka au zikipungua. Mimi pia nauliza. Ukipata nafuu kaa dirishani utazame, kisha unijibu kwa mkono wa Muhsini.

Mungu akuponye mguu.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kunegunda